Jinsi ya kujua kwa nini watoto wa kijiji chenu hawamalizi chanjo

Kama we ni mhudumu wa afya ya jamii au mwenyekiti wa kitongoji na umeambiwa chanjo kwenu ziko chini, usikimbilie kuitisha mkutano wa kuelimisha kina mama. Mara nyingi elimu wanayo, shida iko kwingine.

Anzia kwenye rejista pale zahanati. Muombe nesi mhesabu waliopata Penta 1, yaani dozi ya kwanza ya chanjo ya magonjwa matano, ile ya wiki 6, af waliopata Penta 3 ya wiki 14. Wakipungua zaidi ya 10 katika kila 100 jua hao walikuja wenyewe wakaishia njiani, sindano hawaiogopi, kuna kitu kimewachosha. Ila kama watoto wengi hawamo kabisa kwenye rejista basi tafuta umbali, kuhama na mifugo, kuzalia nyumbani, au kweli kuna uvumi unazunguka.

Kisha pita nyumba kwa nyumba uone kadi za kliniki. Usiulize "mbona hujampeleka mtoto?" manake hapo ushamgombeza na atakujibu cha kukuridhisha tu. Uliza "mara ya mwisho mlipoenda ilikuaje?" halafu nyamaza. Utasikia kadi ililoa anaogopa kusemwa mbele za watu, au mtoto alichemka usiku kucha na hakuna aliyewaambia homa ya siku moja mbili baada ya sindano ni kawaida, baba akasema basi hakuna kwenda tena. Huyo baba ndo wa kuongea naye, nauli anatoa yeye.

Sasa kuna hili la surua, wengi hawalijui. Kichupa kimoja huwa kinachanja watoto 10, ni unga unachanganywa na maji yake, na kikishachanganywa kisipoisha ndani ya saa 6 kinamwagwa. Kwaiyo mama kaja na mtoto wake wa miezi 9, yuko peke yake, nesi anawaza dozi 9 zitakazopotea, anamwambia rudi Alhamisi wenzio wakiwepo. Katembea tangu alfajiri, kaacha shamba, unadhani atarudi? Mi nasema bora kichupa kimwagwe, na WHO nao wanashauri kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, manake surua inataka watoto 95 kati ya 100 wawe wamepata zote mbili, ya miezi 9 na ya 18, ndo ikose pa kupita.

Kama stoo kweli haina dozi za kutosha, pangeni siku ijulikane kijiji kizima na isigongane na mnada. Kwa wafugaji fanyeni kinyume, boksi la chanjo lipelekwe huko huko mnadani.

Na waliochelewa waambie waje, mtoto haanzi upya, anaendelea alipoishia. Baada ya miezi mitatu fungueni rejista mhesabu tena.