SOMO: Vidole vya mbuta, mabawa ya kuku na kebab bila unga wa ngano

Habari zenu wapendwa. Wengi mmekuwa mkiniuliza vile mtu anaweza kupunguza wanga na bado ale vile vitu vya kushika na mkono tunanunuaga jioni mjini, samaki wa kukaangwa na unga, kebab, mabawa. Mimi niko Kisumu kwa hivyo nitaongea na vitu vya hapa, wa Nakuru na Kakamega mtabadilisha mkiona inafaa.

Kabla tuingie jikoni elewa kitu moja. Unga kwa hivi vyakula hauko hapo kwa ajili ya ladha, uko hapo kufanya kazi. Unanyonya maji ya samaki, unashikanisha nyama, unafanya ganda. Ukiutoa na usiweke mwingine wa kufanya hiyo kazi utapata samaki amelegea na mafuta yanaruka mpaka kwa ukuta, alafu unasema keto, yaani huku kula wanga kidogo sana, ni mbaya. Kwa hivyo hili somo lote ni kukausha. Ukikausha vizuri nusu ya kazi imeisha.

Na usibadilishe ngano na unga mwingine ukidhani umepona. Gramu 100 za unga wa ngano ziko na wanga karibu gramu 76, unga wa mahindi hauko mbali, wimbi pia ni hapo hapo juu ya 70. Wimbi ni mzuri kwa mambo mengine lakini kwa hii hesabu haukusaidii. Njugu karanga ni kama 16, na karibu nusu ya hiyo ni nyuzinyuzi. Hapo ndio tunaelekea.

VIDOLE VYA MBUTA

Nunua minofu ya mbuta (sangara) nusu kilo, ile haina mfupa. Ngege (tilapia) pia ni tamu lakini miiba yake itakusumbua ukikata hivi, na watoto wakikula utakuwa na wasiwasi. Kama uko Kisumu karibu na ufuo wa Dunga ama soko la Kibuye mwambie mama wa samaki akutolee ngozi, wanajua, inachukua dakika. (Mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki mbuta akitolewa minofu, wachia supu, hiyo haiwezi kuwa vidole hata ufanye nini.)

1. Kata vipande vya unene wa kidole gumba. Vikiwa vyembamba vinavunjika kwa mafuta, vikiwa vinene njugu itaungua kabla ndani iive.

2. Weka chumvi nusu kijiko cha chai na maji ya ndimu kidogo, acha dakika 15. Utaona maji yametoka kwa sahani. Mwaga. Sasa chukua kitambaa safi ama tishu ukaushe kila kipande, kila kipande jamani, si kupapasa tu juu juu. Hii ndio hatua watu wanaruka na ndio inaharibu kila kitu.

3. Saga njugu kikombe kimoja. Tumia njugu MBICHI, si ile ya kukaangwa ya barabarani, kwa sababu ile imeshaiva na ukiirudisha kwa mafuta inakuwa chungu. Blenda iwe kavu kabisa, na usiiwashe moja kwa moja, bonyeza uachie, bonyeza uachie, ukizidisha inatoa mafuta inakuwa siagi ya njugu na huwezi kuirudisha. Iache iwe na vichembe. Kabla ya kusaga chambua, zile zimekunjamana, zimebadilika rangi ama ziko na ukungu tupa, hiyo sumu ya ukungu moto wa jikoni hauimalizi.

4. Changanya njugu na simsim vijiko vikubwa 3, pilipili manga, saumu ya unga, bizari kidogo, chumvi. Simsim ndio inaleta ule mlio wa kutafuna.

5. Piga yai moja kwa bakuli. Usiongeze maziwa wala maji. Tumbukiza samaki kwa yai, acha lidondoke, alafu kwa njugu, bonyeza na kiganja ishike. Tumia mkono mmoja kwa yai na mwingine kwa njugu ama utamaliza na vidole vyako mwenyewe vimepakwa kuliko vya samaki.

6. Panga kwa sahani, weka kwa friji nusu saa. Huna friji? Acha mezani dakika 10 umefunika na kawa, si kamili lakini inashika.

7. Mafuta ya kina cha nusu kidole kwa karai, moto wa wastani. Chovya mti wa mwiko, ukiona mapovu madogo madogo yanazunguka pole iko tayari, yakiruka kwa fujo punguza. Njugu inaungua haraka kuliko ngano kwa hivyo ule moto wa kukaangia mandazi hapa hautakiwi. Dakika 2 upande mmoja, geuza mara moja tu, 2 zingine. Usijaze karai, vipande vitano sita vinatosha, ukijaza mafuta yanapoa na samaki anaanza kuchemka.

8. Toa uweke juu ya waya. Kwa gazeti hapana, wino, na pia mvuke unarudi chini unalegeza ganda.

Kachumbari, ndimu, pilipili. Tomato sosi ya chupa angalia nyuma, iko na sukari, kijiko kikubwa kimoja ni kama gramu 4, na hakuna mtu anaweka kijiko kimoja.

MABAWA

Hii ni rahisi. Kilo moja ya mabawa ya broila, kausha na kitambaa mpaka ngozi ikwaruze, chumvi kijiko cha chai kimoja, na bekingi pauda kijiko kikubwa kimoja. Si bekingi soda tafadhali, soda kiasi hicho utakula sabuni. Bekingi pauda inafanya ngozi isiwe na asidi sana, inakauka na kubadilika rangi upesi. Iko na wanga kidogo ndani lakini ukigawa kwa kilo nzima haifiki mahali. Iache ilale kwa friji usiku kucha bila kufunika, ama angalau saa moja. Ovena 220, dakika 40 hadi 45, geuza katikati. Baadaye pakaa siagi iliyoyeyuka na siki na pilipili. Asali wacha.

KEBAB

Zile za hoteli ziko na mkate ndani, wakati mwingine mkate mwingi kuliko nyama. Yako: nyama ya kusaga nusu kilo, kabichi iliyokunwa kikombe kimoja umeitia chumvi ukaikamua mpaka ikalia, kitunguu umekamua pia, dania, hoho, pilipili, yai. Kanda nyama na chumvi PEKE YAKE kwanza dakika 3 mpaka ishike mkono, hiyo kunata ndio inachukua nafasi ya mkate. Alafu changanya, sokota, chovya kwa yai la pili, kaanga pole pole. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Njoro:* Dada, na chips? Huku kwetu viazi ndio maisha. Nikibadilisha na nduma ama muhogo si ni afadhali?

Kaka, hapana, utaongeza. Kiazi kibichi gramu 100 kiko na wanga kama 17, kiazi tamu 20, nduma 26, muhogo 38. Yaani kati ya hao wote ulikuwa na mdogo tayari. Kata biringanya vijiti, chumvi nusu saa, kamua, kausha, paka ile njugu ya samaki. Ni tamu, lakini usiite chips mbele ya wageni, watakuuliza chips iko wapi.

*Kakamega:* Mama yangu ako na sukari na anajidunga insulini. Naweza mpikia hii kila siku?

Mpendwa, upishi hauna shida, shida ni dawa. Akipunguza wanga ghafla na dozi ibaki ile ile sukari inaweza kushuka sana, anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa, na hiyo ni hatari ya saa hiyo hiyo. Nenda naye kliniki kwanza waangalie dozi, hata wale wa tembe wengine inawahusu. Akianza kutetemeka hivyo mpe kitu ya sukari haraka, hapo mambo ya keto weka kando.

*Busia:* Mtoto wangu njugu inamfura midomo.

Basi njugu isiingie jikoni kabisa siku hiyo, na karai lisiwe lile la njugu. Tumia nazi iliyokunwa ikakaushwa, ile haijaongezwa sukari. Simsim pia wengine inawadhuru kwa hivyo uliza daktari kabla.

*Bondo:* Mafuta yanabaki na takataka nyingi nyeusi, natumia tena?

Chuja yakiwa yamepoa, kitambaa safi. Mara moja tena kwa samaki wale wale sawa. Yakitoa povu ama moshi kabla ya wakati mwaga.

*Ahero:* Sina ovena, mabawa nafanyaje?

Makaa. Subiri yashike jivu, usiweke kwa mwali. Bekingi pauda hauhitaji hapo, chumvi na kukausha tu, geuza kila mara. Kama ni kienyeji chemsha kwanza, ngozi yake ni ngumu.

*Homa Bay:* Na omena?

Omena mmeila miaka yote na haina wanga, mnatafuta nini tena 😂 Osha, anika ikauke, karai na mafuta kidogo mpaka ilie, chumvi na ndimu. Ukiona mtu anaipaka unga mnyang'anye karai.