Siklidi wa kukaa pamoja: usichague kwa rangi

Jamani wadau wa samaki wa mapambo hapa Tanga, haupiti mwezi bila mtu anayefuga siklidi, ile jamii ya samaki wa rangi na wagomvi wa maziwa yetu, kunipigia simu, "kaka, wameuana tena". Nikimuuliza aliwachaguaje ananiambia alichukua wenye rangi kali. Ndo hapo ulipoharibu mzee, siklidi hachaguliwi kama khanga.

Na sisemi kwa kujifanya najua sana, mi mwenyewe nilipoanza hapa Ngamiani nilinunua nane mchanganyiko kwenye ndoo moja, muuzaji kaniambia hawa wote wa ziwani hawana neno, na mmoja alikuwa wa njano ana milia myeusi, mzuri kuliko wote. Kumbe ni aina inayoitwa auratus. Dume wa auratus akikomaa anageuka, ile njano inapotea anakuwa mweusi mwenye milia ya bluu, na roho nayo inageuka. Miezi mitatu mbele nimebaki naye yeye na mwenzie mmoja kajibanza nyuma ya filta, mkia umeliwa wote kabaki na kishina.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela uliza kwanza, huyu wa ziwa gani? Nyasa na Tanganyika zote zina maji ya chokaa chokaa ila hazilingani, Nyasa pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) inacheza kwenye 8, Tanganyika inakaribia 9, na tabia za samaki wake ni mbali mbali kabisa. Tropheus wa Tanganyika ukimtupa katikati ya wale siklidi wa Nyasa wanaoitwa mbuna umetafuta kesi mwenyewe. Anayeanza aanze na Nyasa, ni wagumu na hawadeki.

Cha pili anakula nini, na hapa ndo wengi mnafeli. Mbuna ni samaki wa miamba, kazi yake kutwa nzima ni kukwangua ule ukoga wa kijani kwenye mawe, utumbo wake mrefu umeumbiwa majani. Ukimlisha nyama na dagaa kila siku anavimba tumbo, anatoa choo cheupe kama uzi, anaacha kula, siku chache umemzika. Sa wewe kwenye tanki hilo hilo umeweka na samaki wanaokula wenzao, utamlisha nani umwache nani? Tena kuna mmoja wa Nyasa anaitwa livingstonii, analala chini ubavu kama maiti na yale madoadoa yake kama nyama iliyooza, samaki wadogo wakija kumdonoa anawameza. Huyo utamweka na vitoto vya mbuna kweli? Wale wanaoitwa pikoki nao ni wapole mno, mbuna wanawaonea mpaka rangi zinafifia, watafutie tanki lao.

Cha tatu ni sura. Dume wa siklidi adui yake namba moja ni yule anayefanana naye, kwa hiyo wawili wa bluu wenye milia usiwaweke pamoja hata kama ni wa aina mbili tofauti. Mfano demasoni, yule mdogo wa bluu anayepatikana upande wetu wa ziwa kwenye mawe ya Pombo, dume na jike wanafanana kama mapacha na wanachukiana wenyewe kwa wenyewe. Ukitaka demasoni chukua 12 na kuendelea ili ugomvi usambae, au acha kabisa. Wanne ni mauaji.

Mchanganyiko ninaowapa watu siku zote na sijalaumiwa bado: Labidochromis yule wa njano watano, Iodotropheus wa rangi ya kutu watano, na akei wa zambarau mwenye mkia wa njano watano. Rangi tatu, sura tatu, wote wanakwenda na chakula cha majani, wote wapole kwa viwango vya mbuna. Ukijua kutofautisha, kila dume mmoja mpe majike matatu au manne, la sivyo jike mmoja atakimbizwa mpaka afe. Tanki mwambie fundi vioo sentimita 120 kwa 45 kwa 45, inakupa kama lita 240, na meza iwe ya zege au mbao nene maana hapo ni zaidi ya kilo 240 bado hujaweka mawe.

Mawe sisi wa pwani tumebarikiwa. Yale mawe ya matumbawe makavu ya kujengea, yaliyookotwa nchi kavu (sio kwenda kuvunja matumbawe hai baharini, hilo ni kosa), yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji, yasugue, halafu yapange mapango mengi. Yanapandisha pH yenyewe taratibu. Ukiwa na wasiwasi dondoshea siki, likitoa povu lina chokaa. Maji ya bomba yakingie kwenye ndoo yakae siku nzima klorini itoke, na tanki jipya liendeshe wiki nne mpaka sita filta ikomae, yaani bakteria wazuri wa kusafisha maji wazaliane humo, na hata hapo usijaze samaki wote kwa mpigo.

Hita hapa Tanga utaiweka kabatini tu. Tabu yetu ni Januari na Februari, wao wanataka nyuzi 24 mpaka 27 na maji yakipata joto hewa inapungua, kwa hiyo pampu ya hewa, mfuniko wazi, feni ipulize juu ya maji. Umeme ukikatika uwe na pampu ya betri.

Perege usiweke jamani! Ni siklidi kweli, hata kuna aina imepewa jina la Korogwe yetu, ila mpwa wangu aliniletea wawili wadogo kama kidole na baada ya muda walikuwa saizi ya sahani wamefukua mchanga wote.

Ukija kuongeza mgeni, hamisha mawe kwanza wenye mtaa wapoteze ramani, zima taa, ndo umwachie. Na ukiona jike kavimba taya, hali chakula, anatafuna tafuna kama ana pipi mdomoni, usimpe dawa. Ana mayai humo. Mwache kama wiki tatu.