Namna ya kuipima haidrojeni iliyoshikana na dhahabu ndani ya silikoni kwa DLTS (kipimo kinachotambua kasoro za silikoni kwa kufuatilia kapasitansi ya diodi joto likibadilika)

1. Dhahabu. Tumia silikoni ya aina ya n yenye fosforasi ya takriban 10¹⁵ kwa kila sentimita ya ujazo, isambazie dhahabu kwenye tanuri, kisha osha mabaki ya juu. Dhahabu isizidi sehemu moja ya kumi ya fosforasi. Ikizidi, kapasitansi haishuki tena kieksponensha na hesabu zote zinavurugika.

2. Haidrojeni. Achana na plazma: inajeruhi uso, kisha hujui kilele kipi cha grafu ni cha haidrojeni na kipi ni cha jeraha. Asidi inatosha: nitriki 2, haidrofloriki 1, asetiki 1 kwa ujazo, dakika moja. Tumia chombo cha plastiki, na jeli ya kalsiamu glukoneti iwe karibu.

3. Sampuli ya kulinganishia, yaani yenye dhahabu bila haidrojeni. Siku nyingi hupotelea hapa. Mtu huiosha kwa asidi ileile "ili zifanane", halafu anashangaa sampuli zote mbili kutoa grafu moja. Kinachoingiza haidrojeni ni huko kuliwa kwa silikoni, kwa hiyo hata KOH (haidroksidi ya potasiamu) haifai. Haidrofloriki iliyozimuliwa ina nafuu kwa sababu inaondoa oksidi tu. Njia ninayoiamini ni kuivunja sahani na kuweka kiunganishi (doa la chuma la kupimia) kwenye uso mpya wa mvunjiko. Sahani ya milimita 0.4 inataka kiunganishi kisichozidi milimita 0.3, basi andaa mapema barakoa ndogo (bati lenye tundu la kupitishia mvuke wa chuma).

Tena, usipashe moto sampuli yoyote kabla ya kipimo. Kwenye 100 °C hivi fosforasi huanza kuiachia haidrojeni, nayo ikihama inaifuata dhahabu. Kukausha kwenye jiko la maabara kunatosha kukuharibia kazi, na rezisti ya kuoka (utando wa kuchorea unaokaushwa kwa joto) ndiyo usiiguse kabisa.

4. Viunganishi. Mbele dhahabu ya mvuke kupitia barakoa, nyuma sugua indiamu-galiamu.

5. Kipimo. Ngazi ya nishati ya dhahabu peke yake hukaa 0.55 eV chini ya bendi ya upitishaji (nishati ambako elektroni hutembea huru). Tatizo ni kwamba moja ya ngazi za dhahabu-haidrojeni iko karibu palepale, na DLTS ya kawaida inaonyesha kilele kimoja tu. Tumia Laplace DLTS, inayotenganisha vilele vilivyokaribiana kwa hesabu, joto likiwa limetulia kabisa. Huna? Tafuta ngazi ya pili, 0.19 eV, inayojitokeza kwenye baridi kali. Kisha pima kwa kina: volti 1 ya kinyume inafika mikromita 1.4 hivi, volti 5 inafika 2.7. Dhahabu-haidrojeni hupungua kadiri unavyoingia ndani, dhahabu huongezeka. Jumla yao karibu na uso ikiwa pungufu, usilaumu mashine: dhahabu iliyoshika haidrojeni zaidi huwa bubu kwa umeme.

6. Uthibitisho. Baada ya kupima, pasha diodi (sampuli yenye viunganishi) hadi 100 °C ikiwa chini ya volti ya kinyume. Haidrojeni yenye chaji hasi inasukumwa ndani, na mchoro wa kina unahama nayo. Ipoze kwanza, ndipo uondoe volti.