Kubadili rangi za atomi katika PyMOL bila kuvuruga maana yake

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwalimu mwenzangu wa Tabora, aliyetaka kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha sita badiliko linalosababisha selimundu: amino asidi iitwayo valini kushika nafasi ya nyingine, asidi ya glutamiki, nafasi ya sita ya mnyororo wa beta wa himoglobini. Naipendelea PyMOL, programu ya kompyuta ya kuonyesha maumbo ya molekuli, na ndani yake naandika amri badala ya kubofya menyu, kwa sababu amri zikitunzwa kwenye faili la .pml zinarudiwa wakati wowote bila kubahatisha.

Hatua ya 1. Pakua faili la 2HBS (umbo la himoglobini ya selimundu) kutoka Protein Data Bank, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini, mapema, wakati mtandao upo, kisha ulifungue.

load 2hbs.pdb
bg_color white
show sticks, chain B and resi 6

Hatua ya 2. Paka rangi kaboni peke yake: zote kijivu hafifu (gray80), kisha zile za nafasi ya sita ya mnyororo wa beta (chain B and resi 6) rangi ya machungwa.

color gray80, elem C
color orange, chain B and resi 6 and elem C

Ukiacha maneno "elem C", hata oksijeni na naitrojeni zitageuka rangi ya machungwa, na mwanafunzi aliyezoea oksijeni nyekundu na naitrojeni ya buluu atapotea. Ikiwa hilo limeshatokea, amri ya util.cnc hurudisha rangi za atomi zisizo kaboni. Mfuatano wa amri nao ni muhimu, kwa kuwa ya mwisho huifuta iliyotangulia.

Kuna kikwazo kimoja kilichotuchelewesha sana. Amri ya color inapokelewa bila onyo lolote, lakini vijiti havibadiliki. Chanzo chake huwa ni mtu aliyewahi kuandika set stick_color, yellow, kwani mpangilio huo una nguvu kuliko rangi ya atomi yenyewe. Uondoe hivi:

set stick_color, -1

Iwapo uliwekwa kwa molekuli moja tu, taja jina lake mwishoni: set stick_color, -1, 2hbs. Sikushauri kutumia unset, kwa sababu katika matoleo ya zamani haikurudisha thamani ya awali. Mpangilio wa cartoon_color, unaohusu mchoro wa utepe wa protini, una tabia hiyo hiyo.

Hatua ya 3. Hifadhi picha.

png selimundu.png, dpi=300, ray=1

Kama wanafunzi watapewa nakala za fotokopi nyeusi na nyeupe, chagua rangi zinazopishana kwa weusi na weupe wake: rangi ya machungwa iliyokolea husomeka vizuri kando ya gray80, ilhali njano hufifia kabisa.