SOMO: Jua ng'ombe wako wanakula wapi kabla hujalaumu malisho

Salaam wafugaji wenzangu wa Tabora. Kiangazi kikishika, malalamiko ni yale yale: eneo kubwa, nyasi zipo, ng'ombe wanakonda. Ukimuuliza mchungaji ng'ombe wamekula wapi, atakutajia alikowapeleka. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Hatua ya 1: Wafuate, usiwaswage

Watoe zizini mapema kama kawaida, halafu fimbo ipumzike. Kaa nyuma yao kidogo, mtazame ng'ombe mmoja tu. Chagua jike mzima anayeyajua machunga hayo, si aliyenunuliwa mnadani juzi. Kwa dakika tano hesabu vitu viwili: amekata nyasi mara ngapi, na amepiga hatua ngapi. Kichwa kikiwa chini, ulimi unazunguka fungu la nyasi, linakatika, unazunguka jingine, na miguu ya mbele haijasogea, hapo pana chakula. Akiokota unyasi huku anatembea, hapo anapita tu.

Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo ulimi ndio mkono wake. Nyasi fupi sana, hata ziwe tamu, haziujazi mdomo. Naye hawezi kufidia kwa kula mchana na usiku: kwa kawaida hula kwa jumla ya saa 8 hadi 10 kwa siku, muda mwingine ni wa kucheua na kupumzika. Nyasi ndefu zilizokomaa zinajaza mdomo, ila ni mabua. Protini ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia kusaga chakula vinazembea, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, na hamu inapungua. Ndiyo maana anakonda akiwa amesimama kwenye nyasi zinazomfika tumboni. Za kumtafutia ni nyasi za kimo cha kati, zenye majani mengi kuliko mabua.

Jambo jingine: hamalizi sehemu moja ndipo ahamie nyingine. Anaondoka pale anapoona anachopata kimepungua kuliko ambacho angekipata kwa kusogea. Mtaalamu wa ikolojia Eric Charnov aliliandika hilo kwa hesabu mwaka 1976. Wachungaji wetu wanaliona kila siku na kumrudisha kwa fimbo "amalizie". Mwache aende.

Hatua ya 2: Soma mteremko

Miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga, alieleza jinsi udongo wa nchi hii unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni. Kwetu ni rahisi kuuona: juu mchanga na miombo, chini mbuga ya udongo mweusi. Mvua za Novemba hadi Aprili zikikolea, mbuga inatuama na tope linanasa kwato, hivyo ng'ombe wanapanda juu kwenye nyasi changa. Juu kukikauka wanashuka, kwa sababu udongo mweusi unatunza unyevu. Chora mchoro wa mkono tu, weka alama wanapokula kila msimu. Usipoteze muda kutafuta ramani.

Hatua ya 3: Pima umbali wa maji

Pembeni ya lambo nyasi huisha mapema. Si kwamba ni tamu, ni kwamba ziko karibu. Mbali zaidi nyasi husimama hadi zizeeke bila kuguswa. Weka chumvi ya kulamba huko mbali penye nyasi nzuri, kamwe si lamboni, na uihamishe mara kwa mara.

Hatua ya 4: Funga ngitili mapema

Ngitili ni eneo la malisho linalotengwa kwa ajili ya kiangazi; Wasukuma na Wanyamwezi hawahitaji kufundishwa hili. Funga wakati mvua bado zipo, fungua kiangazi kikibana. Ukifunga Julai umefunga mabua.

MASWALI YA WANACHAMA

Nzega: Mwangaluka mwalimu. Kwa nini ng'ombe wangu hung'ang'ania pale palipokuwa na zizi la marehemu babu, na kwenye vichuguu?

Jibu: Mwangaluka. Samadi iliyolala pale inaendelea kurutubisha udongo hata miaka mingi baada ya zizi kuhama. Mchwa nao hupandisha udongo wa chini wenye madini. Nyasi zake zina lishe kuliko za jirani, na ng'ombe wana kumbukumbu nzuri ya mahali walipowahi kushiba.

Igunga: Nikichanganya mbuzi hawatamaliza chakula cha ng'ombe?

Jibu: Si sana, ndugu yangu. Mbuzi anapenda majani ya vichaka na miti. Anayegongana na ng'ombe ni kondoo, kwani anakata chini kabisa.

Kaliua: Kuna bonde la kijani kabisa, wanaingia na kutoka mbio. Kuna uchawi gani?

Jibu: Kabla ya uchawi, kagua kama kuna ndorobo (mbung'o). Ukiona mikia haitulii na ngozi inachezacheza, usilazimishe. Nyasi hizo hazistahili kuwaponza ng'ombe kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo. Mwite afisa mifugo, na akague pia mimea yenye sumu.

Sikonge: Shikamoo. Mvua za kwanza zikinyesha ng'ombe wangu wanakonda zaidi kuliko Oktoba. Hapo sielewi.

Jibu: Marahaba mwanangu. Wakiona ukijani wanazikataa nyasi kavu na kukimbilia machipukizi, ambayo bado hayajazi mdomo. Wanatembea mno na kupata kidogo. Wiki hizo wape mabua ya mahindi au nyasi kavu zizini kabla ya kuwatoa, uwacheleweshe kidogo asubuhi, na usiwapeleke kwenye machipukizi mapya hadi yafike urefu wa kiganja hivi. Wenye maziwa na wenye mimba ndio uanze nao.