Tipu ya fimbo ya pool: kabla ya kununua jiulize nani ataishika hiyo fimbo

Wakuu, ukiuliza tipu gani nzuri, yaani kile kidonge cha ngozi kwenye ncha ya fimbo, kwenye meza yoyote hapa Kigoma, iwe Mwanga au kule Ujiji, utapewa majina ya chapa tu. Huyu atakwambia Elk Master, yule aliyewahi kukaa Dar atakwambia Kamui ndo habari ya mjini, mwingine atasema zote sawa tu bana ngozi ni ngozi, na hakuna hata mmoja atakayekuuliza fimbo yenyewe inashikwa na nani. Mi naanzia hapo, maana tipu inayofaa fimbo ya baa inayopita mikono ya kila mtu kuanzia mchana hadi wanafunga, na tipu inayofaa fimbo yako unayotembea nayo kwenye begi, ni vitu viwili tofauti kabisa hata kama fimbo zenyewe zinafanana.

Tuanze na ya baa. We ni mwenye meza, au umepewa kazi ya kuiangalia, fimbo ziko nne ukutani na kila wiki moja inakuja haina ngozi. Hapo usihangaike na laini. Chukua ngumu au ya kati, ya kipande kimoja, ile ya ngozi iliyokandamizwa kiwandani, mfano Triangle ambayo ni ngumu kuliko Elk Master. Sababu ni kwamba fimbo ya baa inapigwa kwa nguvu na watu wasiopaka chaki, wengine wanaigonga chini wakishangilia, wengine wanaiegemea kichwa kikiwa chini, na ngozi laini kwenye mazingira hayo inapanuka pembeni kama uyoga ndani ya muda mfupi, afu kingo zinazotokeza nje zinachanika na tipu inaondoka yote. Ngumu ina shida yake, ikipigwa sana uso unakuwa wa kuteleza unang'aa na chaki haishiki, lakini hilo linatibika kwa kuikwangua kidogo na msasa, wakati uyoga ukishachanika ndo basi tena.

Sasa fimbo yako mwenyewe, hapa ndo kwenye maneno mengi. Watu wanaamini tipu laini inaipa nyeupe, ule mpira mweupe unaopigwa na fimbo, spini zaidi, yaani mzunguko, kwamba ukiwa na laini nyeupe itarudi nyuma yenyewe. Spini inatokana na mahali unapogusa mpira, yaani umbali kutoka katikati, pamoja na kasi ya fimbo. Ngozi na chaki kazi yake ni kuhakikisha hauteleze ukigusa mbali na katikati, na hata hapo kuna mpaka, ukishavuka takriban nusu ya njia kutoka katikati ya mpira kwenda ukingoni fimbo inateleza tu hata uwe na tipu ya bei gani. Tipu ngumu iliyokwanguliwa vizuri na kupakwa chaki inarudisha nyeupe freshi kabisa. Tofauti ni kwamba laini inashika chaki kirahisi, inakusamehe pale ulipopaka kwa haraka, na mguso wake kwenye mkono ni mtulivu, mlio wake mdogo. Ngumu inapeleka nguvu zaidi kwenye mpira, ndo maana wanaopenda kubreki, lile pigo la kwanza la kutawanya mipira, kwa kishindo wanaipenda. Kugusana kwenyewe kwa tipu na mpira ni kama sekunde moja ukiigawa mara elfu moja, kitu kama hicho, kwa hiyo yule anayekwambia anausindikiza mpira na tipu laini anakusimulia anachohisi mkononi.

Na jambo lingine wanalosingizia tipu ni nyeupe kwenda pembeni ukipiga kwa kona, yaani ukiigusa upande wa kushoto au kulia, unalenga huku inaenda kule. Hiyo inatokana zaidi na uzito wa sehemu ya mbele ya fimbo, fimbo nyepesi mbele inapotosha kidogo kuliko nzito. Kubadilisha ngozi hakutakusaidia sana hapo, usitupe hela.

Ukiniuliza mi, mtu anayecheza mara mbili tatu kwa wiki na fimbo yake achukue ya kati. Ukiwa mtu wa kupiga taratibu, unapenda kuipanga nyeupe ikae vizuri kwa mpira unaofuata, shuka kidogo kuelekea laini. Ukiwa mtu wa nguvu panda kidogo.

Afu kuna za matabaka, ngozi nyembamba nyembamba zimegundishwa moja juu ya nyingine kisha zikakatwa vidonge, Kamui na Moori za Japani ndo zenye jina. Uzuri wake ni kwamba zinafanana, ukinunua leo ya kati na mwakani ya kati utapata karibu kitu kile kile, na hazipanuki ovyo. Ubaya ni bei, kidonge kimoja kinaweza kukugharimu hela ambayo ungepata rundo la zile za kawaida, na wakati mwingine tabaka moja linaachia likiwa halijazeeka. Kuweka hiyo kwenye fimbo ya baa ni kumwaga pesa ziwani. Kitu cha pili ambacho wauzaji wengi hawakisemi, hizi za Kijapani ni ngozi ya nguruwe. Kwa wengine siyo inshu, lakini huku kwetu, hasa Ujiji, wapo ambao wangependa kujua kabla hawajalipa, na ukishaibandika utakuwa unaishika na kuilowesha kwa mate, kwa hiyo uliza.

Kipimo. Kabla ya jina na ugumu pima kichwa cha fimbo, ile pete ya shaba au ya plastiki inapoishia mbele. Fimbo za Kimarekani ni nene, 12 hadi 13 mm, za snuka zinacheza kwenye 9 hadi 10, na zile za pool ya Kiingereza zinashuka hadi 8 na kitu. Kwenye meza zetu utakuta mchanganyiko wote huo, ndo maana ukimwagiza mtu Kariakoo "niletee tipu" bila namba unapata bahati nasibu. Kama huna kipimo nenda kwa fundi wa vyuma, wengi wana ile kalipa ya kubana, atakupimia bure. Agiza inayolingana au inayozidi kidogo, pete ikiwa 9.3 chukua 9.5 au hata 10 utaikata pembeni. Ndogo kuliko pete usichukue hata ukipewa bure, ukingo wa pete utabaki wazi, siku ukigusa mpira na shaba utajua.

Zile za kuskrubu, zenye kichuma nyuma, ni rahisi kubadilisha ila zinalegea, unapiga na kusikia kitu kinacheza kwa ndani, na ukikaza sana uzi unakufa. Kwa fimbo inayokuja nazo tayari sawa, endelea nazo. Za kofia ya plastiki unazochomeka juu kama kifuniko cha kalamu, hizo kwa watoto.

Ukipata nafasi ya kuchagua mwenyewe kwenye boksi, usichukue ya juu tu. Zile za kipande kimoja zinatofautiana sana hata ndani ya boksi moja kwa sababu ngozi ya mnyama haifanani mgongoni na tumboni. Zidondoshe moja moja kwenye taili na usikilize, inayolia kwa sauti kali ni ngumu, inayotoa mlio mzito uliofifia ni laini. Bonyeza ukingo na ukucha. Ikigawanyika au ikiacha nyuzinyuzi iache. Mwenye kamzani kadogo apime, kwa ukubwa ule ule nzito ndo imeshikana zaidi. Na kama umebaki na laini tupu na we unataka ngumu, ziweke kwenye jiliwa uzibane uziache, zitashikana. Kuna Wamarekani wanazilowesha kwanza kwenye maziwa, wanazikausha afu wanazibana, na wanaapa zinakuwa tamu kuliko za bei kubwa. Kubana peke yake kunasaidia, maziwa mi naona heri uyanywe.

Huku kwetu kuna mambo mawili zaidi ambayo maelekezo ya nje hayayasemi. Unyevu wa ziwani, hasa masika, unaingia kwenye ngozi, tipu laini inavimba na kuwa laini zaidi, kwa hiyo ile uliyoiona ni ya kati wakati wa kiangazi inaweza kukaa kilaini mwezi wa tatu. Kama unasita kati ya mbili, we chukua ngumu kidogo. La pili ni mafuta. Mtu ametoka kula wali na dagaa wa mawese, kanawa maji tu bila sabuni, anakuja kushika kichwa cha fimbo na vidole. Ngozi inanyonya mafuta, chaki inaanza kukataa, na yakifika chini kwenye gundi tipu inaachia. Ikishanyonya mafuta sana hakuna dawa, kwangua juu ujaribu, ikigoma badilisha.

Kubandika sasa. Ya zamani ing'oe kwa wembe, taratibu, usichimbe pete. Safisha gundi yote iliyobaki hadi uone pete na mbao viko sawasawa, bapa, hakuna kilima. Tipu mpya nayo isugue upande wa chini kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo au taili ili iwe bapa, maana nyingi zinakuja na tumbo kidogo. Weka viwili pamoja bila gundi na uangalie kwenye mwanga, mwanga ukipita katikati rudi kwenye msasa. Watu wengi wanaruka hatua hii afu wanalaumu gundi. Gundi yenyewe tumia supa gluu, ikiwa ya uji mzito bora zaidi, tone moja dogo, weka katikati, bana kwa nguvu na ushikilie. Supa gluu inakauka kwa kutumia unyevu wa hewani kwa hiyo Kigoma inashika haraka, huna muda wa kusogeza sogeza. Iache masaa kadhaa kabla hujapiga. Gundi ya fundi viatu siipendi kwa kazi hii, inabaki na mnyumbuko, kwa hiyo tipu inateleza pembeni taratibu kila ukipiga hadi siku moja unaikuta imekaa upande.

Ikishashika geuza fimbo kichwa chini juu ya kipande cha mbao, na wembe mpya ukate ngozi iliyozidi pembeni ukielekea kwenye mbao, ukizunguka kidogo kidogo. Wembe mpya nimesema, uliotumika unachana. Malizia na msasa laini bila kugusa pete, afu lowesha ukingo kwa mate kidogo na usugue haraka haraka na kipande cha ngozi au karatasi hadi upate joto na ung'ae. Ukingo huo ukishakuwa mgumu ndo unaozuia uyoga.

Umbo la juu lisiwe bapa. Wamarekani wanapima kwa sarafu zao mbili, moja ina kipenyo cha karibu 18 mm na nyingine 21, wanalinganisha mkunjo wa tipu na mkunjo wa sarafu. Sisi hatuna hizo ila tuna betri za tochi za kuchaji, zile zimeandikwa 18650, hiyo 18 ya mwanzo ni kipenyo chake kwa milimita. Ichoree duara kwenye karatasi ngumu, kata ukifuata mstari, utoe lile duara, kisha shimo lililobaki likate nusu na una kipimo chako. Unakiweka juu ya tipu, unaona wapi pamezidi, unasugua. Usisugue tipu kwenye betri yenyewe jamani, ukichubua lile ganda unatafuta moto. Mkunjo huo wa 18 ni mzuri kwa fimbo nyembamba, na kwa nene za 13 wengine wanapenda uliolala zaidi, hapo tafuta betri ya 21700.

Tipu mpya ya kipande kimoja itapanuka kidogo siku za mwanzo hata ukifanya yote hayo, ni kawaida, kata tena pembeni na uirudishie umbo, baada ya hapo inatulia. Chaki paka kila pigo, kwa kupangusa kama unapaka rangi, siyo kuizungusha fimbo ndani ya chaki hadi chaki inatoboka shimo. Na usiwe na tamaa ya kuikwangua kila ukikosa mpira, kila msasa unaondoa ngozi. Angalia upande, ukuta wa ngozi juu ya pete ukibaki kama milimita moja, au ukianza kusikia mlio mkavu wa kugonga badala ya ule mzito, tafuta nyingine kabla pete haijaanza kupigwa, maana pete ya shaba ikishapinda hiyo siyo kazi ya wembe na gundi tena, ni fundi wa kukata kichwa cha fimbo na kuweka kipya.