Somo: Kuweka nyumba ya kupangisha kwenye amana isiyobatilishwa

Ukishaikabidhi nyumba kwenye amana isiyobatilishwa, yaani mpango wa kisheria ambao huwezi kuufuta baadaye, si yako tena. Inakuwa chini ya mdhamini, anayeishika kwa faida ya wanufaika uliowataja. Wengi wanaipenda kwa sababu wadai wao hawaifikii kirahisi, lakini papo hapo wanataka kuendelea kuuza, kukopea na kula pango kama zamani. Hayo mawili hayakai pamoja, na kesi nyingi zinaanzia hapo.

Hatua ya 1: Chagua mali. Anza na nyumba ambayo pango lake hulitegemei kwa maisha yako. Binafsi simshauri mtu aweke nyumba yake ya pekee.

Hatua ya 2: Angalia mkopo. Kama nyumba imewekwa rehani, soma mkataba wa benki kabla ya kuhamisha chochote. Mingi ina kifungu kinachoipa benki haki ya kudai deni lote mara umiliki unapobadilika. Omba ridhaa kwa maandishi.

Hatua ya 3: Andika hati ya amana, na hapa usibane matumizi, tafuta wakili. Tangu kesi ya Knight v Knight ya mwaka 1840 nchini Uingereza, mahakama zinatafuta mambo matatu: nia iliyo wazi, mali inayojulikana, na wanufaika wanaotambulika. "Nyumba zangu baadhi" haitoshi. Taja namba ya kiwanja. Kisha eleza mamlaka ya mdhamini: anaweza kuuza? Kukopa? Kununua nyingine? Na akifa au akijiuzulu, nani anamteua wa kumrithi? Hati ikinyamaza, mtaishia mahakamani kuomba ruhusa ya jambo dogo.

Hatua ya 4: Hamisha umiliki kwenye masjala ya ardhi. Hati iliyokaa kabatini bila uhamisho inaleta mzozo. Ulizia mapema ushuru na kodi za serikali zitakazodaiwa.

Hatua ya 5: Badilisha mikataba yote. Wapangaji waarifiwe kwa barua, na pango liingie akaunti ya amana, si mfukoni mwako. Bima nayo iandikwe upya. Paa likivuja, fundi analipwa kutoka akaunti hiyo na risiti inabaki kwenye faili la mdhamini. Ukilipa wewe leo na kujirudishia kesho bila maandishi, umempa wakili wa upande wa pili ushahidi kwamba nyumba bado unaitumia kama yako.

Maswali ya wanachama

Naweza kuwa mdhamini mwenyewe?
Sheria nyingi hazikatazi, ila kinga dhidi ya wadai inapungua sana. Ukitaka kubaki na kazi, mdhamini akuajiri kama msimamizi wa nyumba kwa mkataba wenye ujira wa kawaida wa soko, na aweze kukuondoa.

Nina mdai anayetishia kwenda mahakamani. Nihamishe sasa?
Hapana. Uingereza ilishatunga sheria ya kubatilisha uhamisho wa kuwakwepa wadai mwaka 1571, na nchi nyingi zina sheria za namna hiyo. Malizana naye kwanza.

Wanangu wakishakua wanaweza kuivunja amana?
Kwa kanuni ya kesi ya Uingereza ya Saunders v Vautier ya 1841, wanufaika wote wakiwa watu wazima wenye akili timamu na mali yote ni yao, wakikubaliana wanaweza kumtaka mdhamini awakabidhi. Marekani mahakama huwa nzito kuruhusu ikiwa lengo la aliyeanzisha amana bado halijatimia. Kwa hiyo ukitaka ikae muda mrefu, taja na wajukuu watakaozaliwa, kwa sababu hao hawawezi kutoa ridhaa.

Amana ikinunua nyumba mpya, nani anasaini?
Mdhamini. Kwa kawaida amana si mtu kisheria kama kampuni, hivyo anasaini kwa jina lake na kutaja wadhifa wake. Akikosa kuweka kifungu kinachosema deni litalipwa kwa mali ya amana tu, muuzaji anaweza kumdai hadi mali zake binafsi. Mdhamini makini hatasaini bila kifungu hicho.